Kumsoma Kant kwa mkono wa mwongozo

Karibu kila kitabu kigumu cha Kijerumani kina vitabu vingine vya kukieleza. Ipo miongozo ya kitaaluma ya kumsoma Goethe, ya Hegel, ya Nietzsche, ya Kafka, na walimu hawakubaliani jinsi ya kuitumia. Wapo wanaomkabidhi mwanafunzi mwongozo siku ya kwanza, na wapo wanaomkataza kuugusa mpaka amalize kitabu chenyewe. Nitaliangalia suala hili kwa mtu mmoja, Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 18, kwa sababu watu walianza kumwandikia miongozo akiwa bado hai, naye mwenyewe alikuwa na la kusema.

Kitabu chake kikubwa, Kritik der reinen Vernunft (yaani Uhakiki wa Akili Tupu), kilitoka mwaka 1781 kikiwa na kurasa 856. Katika dibaji Kant anaeleza kwa nini hakuweka mifano mingi. Vitu vya kurahisisha, anasema, humsaidia msomaji kwenye sehemu mojamoja, lakini mara nyingi humpotezea umbo la jambo zima. Anaongeza kwamba baadhi ya vitabu vingeeleweka zaidi kama visingelazimishwa kueleweka kiasi kile. Sijaona hoja nzito kuliko hiyo dhidi ya miongozo.

Lakini tazama kilichofuata. Januari 1782 jarida la wasomi la Göttingen lilitoa mapitio yasiyo na jina la mwandishi, yaliyoandikwa na Christian Garve kisha yakakatwakatwa na Johann Feder. Yalimweka Kant kundi moja na Berkeley, askofu wa Ireland aliyeshikilia kwamba kuwepo kwa kitu ni kuonwa kwake. Kant alichukia, na mwaka 1783 akachapisha Prolegomena, kitabu kifupi kinachoanzia kwenye elimu ambazo watu tayari wanazikubali, hisabati na fizikia, kisha kinarudi nyuma kuuliza zinawezekanaje. Yaani mwandishi aliyekataa kurahisisha alilazimika kuandika mwongozo wa kitabu chake mwenyewe ndani ya miaka miwili. Toleo la pili la mwaka 1787 nalo likaja na sehemu zilizoandikwa upya, pamoja na hoja mpya ya kujitenga na Berkeley. Kwa hiyo msimamo wa kumwacha mwanafunzi apambane peke yake hauwezi kumtegemea Kant kama shahidi.

Aliyemfanya Kant ajulikane Ujerumani nzima ni mwanafalsafa Karl Leonhard Reinhold, kwa barua alizozichapisha katika jarida la mwandishi Wieland mwaka 1786 na 1787. Hapa ndipo mambo yanaponoga. Reinhold hakuanza na sehemu ngumu za kitabu. Alianza na yaliyowagusa wasomaji wake: imani, maadili, uhai baada ya kifo, na namna Kant anavyokata shauri kati ya wanaotaka kumthibitisha Mungu kwa akili na wanaomkana kwa akili hiyohiyo. Barua zilipendwa, Reinhold akapata uprofesa katika chuo kikuu cha Jena, na Kant akamshukuru hadharani. Ila wengi walioingia kwa mlango huo walifika kwenye hitimisho bila kuzipitia hoja. Reinhold mwenyewe baadaye alijenga mfumo wake akiamini anamkamilisha Kant, kisha mwanafalsafa mwingine, Fichte, naye akafanya vivyo hivyo. Agosti 1799 Kant alitoa tamko la kumkana Fichte, akasisitiza kwamba kitabu chake kieleweke kama kilivyoandikwa, na akanukuu methali ya Kiitaliano inayomwomba Mungu atukinge na marafiki, maana maadui tutawamudu wenyewe.

Mwongozo unaweza pia kukosea kwa upande wa pili, kwa wingi wa maelezo. Msomi Mjerumani Hans Vaihinger alitoa juzuu mbili nene za kukieleza kitabu hicho cha Kant, 1881 na 1892, zikiishia kwenye sehemu ya mwanzo inayohusu nafasi na wakati. Sehemu kubwa kabisa ya kitabu hakuigusa. Ni kazi ya heshima kwa mtafiti, ila anayeanza atazama humo.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaokataa miongozo. Chukua fundisho kwamba tunavijua vitu jinsi vinavyotutokea, wala si jinsi vilivyo vyenyewe. Mwingereza P. F. Strawson, katika kitabu chake cha mwaka 1966, alilisoma kama dai la dunia mbili, moja tunayoiona na nyingine iliyojificha nyuma yake, na akaona dai hilo halisimami. Mmarekani Henry Allison alimjibu mwaka 1983: vitu ni vilevile, vinatazamwa kwa namna mbili. Aliyemsoma Strawson peke yake anamaliza akidhani Kant alikosea waziwazi. Aliyemsoma Allison peke yake hajui kwamba pana ugomvi. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye nakala ya sura moja ya mwongozo mmoja yumo katika hatari hiyohiyo, na si kosa lake. Mwongozo ninaoupenda ni ule unaomwambia wazi kwamba wasomi wamegombana hapa, na unaotaja namba za kurasa za toleo la kwanza na la pili la kitabu cha Kant ili aende kujionea.

Lipo pia suala la yanayoachwa nje. Kwa muda mrefu miongozo mingi ilizungumzia maarifa, maadili na sanaa, ikayapita kimya mafundisho ya Kant kuhusu jiografia na binadamu, aliyoyafundisha kwa miongo mingi, pamoja na insha yake ya mwaka 1775 kuhusu rangi za watu. Ni Emmanuel Chukwudi Eze, mwanafalsafa wa Nigeria, aliyekuwa mstari wa mbele katika miaka ya 1990 kuyaweka maandishi hayo mezani na kudai kwamba hayawezi kutenganishwa na falsafa iliyobaki ya Kant. Mwanafalsafa Pauline Kleingeld alijibu mwaka 2007 kwamba Kant alibadili msimamo wake wa kuzipanga rangi za watu kwa daraja katika miaka ya 1790, akielekeza kwenye insha ya mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, inayolaani dhuluma za Wazungu ng'ambo na utumwa wa visiwa vya miwa vya Karibi. Mimi naona Eze ana haki kuhusu ukimya wa miongozo. Kuhusu kubadilika kwa Kant, nasita, kwa kuwa hakuwahi kusema waziwazi kwamba ameacha aliyoyaandika awali. Lakini insha zote mbili ni fupi, zinasomeka jioni moja, na hapa msomaji hana haja ya kungoja mtu wa kumwamulia.