Suruali Yangu Ilivyowekwa Kizuizini

Kazi yangu huanza kabla jogoo hajasafisha koo. Mgonjwa wa kupigwa picha ya mifupa akishadungwa dawa ya mionzi, hukaa saa mbili au tatu akisubiri ishike mifupa, ndipo alale chini ya kamera. Kwa hiyo dawa lazima iwahi, na wa kuiwahisha ni mimi. Wala huwezi kujifanya mjanja ukaitengeneza jana ukaiweka kwenye friji: teknetiamu-99m, ndiyo inayotoa mionzi ndani ya dawa, kila saa 6 zikipita inabaki nusu, uwe umeitumia au umeitolea macho tu.

Tunaipata kwa kukamua. Naam, kukamua. Kuna jenereta, ukubwa wake kama ndoo lakini ukijaribu kuibeba kama ndoo kiuno kitakusuta, maana tumboni imejaa risasi, ile metali nzito ya kuzuia mionzi. Ndani yake molibdenamu-99 imenata kwenye kijimrija, inazaa teknetiamu usiku kucha. Asubuhi unapachika kichupa cha maji ya chumvi upande huu, kichupa kilichonyonywa hewa upande ule. Kile kisicho na hewa kinavuta, maji yanapita yakizoa teknetiamu, mama mzaa anabaki zizini. Wenye kazi hii tunaiita ng'ombe. Siku moja shemeji alinisikia nikisema kwenye simu, "Ng'ombe mpya kafika usiku, nimemkamua alfajiri nikiwa nyuma ya ukuta wa risasi." Akamvuta dada yangu pembeni na kumuuliza kama kweli mimi ni mtu wa hospitali au nimeingia kwenye genge la wezi wa mifugo.

Basi Jumatatu hiyo ng'ombe alikuwa mpya na maziwa yalikuwa tele. Nikiwa nyuma ya kioo kizito, mikono ndani, natia teknetiamu kwenye kichupa cha unga wa dawa ya mifupa, simu ya ukutani ikalia. Niliacha ilie, lakini nilijua ni wa chumba cha kamera na wanauliza nini. Dawa bado? Dawa bado? Simu ile ina namna yake ya kulia inapotoka kule.

Sasa, ukiingiza mililita kadhaa za maji kwenye kichupa kilichozibwa, unatakiwa uvute hewa kiasi hicho hicho kabla ya kuchomoa sindano, shinikizo lisije likakutemea. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Mimi, mwenye miaka yangu kazini, nikachomoa hivi hivi. Pssi. Sauti ndogo, kama mtu anayeita paka. Nikatazama, sikuona kitu. Nikapima dozi, nikafunika kopo la risasi, nikalipitisha kidirishani. Dawa ikaenda zake.

Kisha nikatwaa kipima mionzi nikague meza, kama kila siku. Kwa kuwa kilikuwa kimening'inia kichwa chini, nilikishika mdomoni mwake, pale kinaponusia mionzi. Kwa glavu ile ile. Kwa kidole gumba kile kile.

Kikalipuka. Kwa kawaida chumba kikiwa safi kinasema tik... tik..., kama mzee anayetafuna taratibu. Leo kilitoa mlio mmoja usio na pumzi. Meza: inalia. Kiti: kinalia. Nikaelekeza kwenye goti la suruali: linalia kama limefiwa. Viatu ndiyo usiseme.

Nikakumbuka mafunzo: nguo zilizochafuka zivuliwe, zifungwe kwenye mfuko, ziandikwe. Nikavua glavu, viatu, soksi, na baada ya kutazama mlango mara mbili, suruali. Vyote nikavisokomeza kwenye mfuko mmoja wa njano, nikaandika tarehe na saa: 12:30 asubuhi. Nikanawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, bila kusugua kwa nguvu, maana ukisugua unaichubua ngozi na kuikaribisha mionzi ndani. Nikapima mikono. Inalia. Nikanawa tena. Inalia vile vile, hata tarakimu moja haikushuka. Nikapima tumbo, linalia. Hapo nikaanza kujiuliza nimemeza saa ngapi.

Nikapima na kalenda ya ukutani. Inalia.

Mtu mwenye akili zake angesimama hapo ajiulize kalenda imefanya kosa gani. Mimi nilihitimisha kwamba hewa yote ya chumba imechafuka, nikampigia mama wa usalama wa mionzi.

Alikuja na Mzee, fundi wetu mkongwe ambaye amekamua ng'ombe tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Aliyechafuka haruhusiwi kutoka nje, kwa hiyo walisimama mlangoni, nami nikasimama katikati ya chumba nimevaa koti jeupe, ugoko wazi, na vile vifuniko vya plastiki vya viatu, bila viatu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Suruali iko wapi?"

"Mfukoni."

Akafikiri kidogo. "Hebu nielekezee mimi hicho kidude."

Nikamwelekezea. Kikalia.

"Elekeza juu, kwenye taa."

Kikalia.

"Mimi nimetoka nyumbani sasa hivi, hata ng'ombe wenyewe sijawaona. Na taa ile ina miaka haijaguswa na mtu, hata vumbi lake linajieleza. Kijana, kigeuze tukione mdomo."

Mama wa usalama alikwisha fungua kabati na kutoa kipima cha akiba. Akakipitisha juu yangu, kichwani hadi unyayoni: tik... tik... Nilikuwa safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akakigeuzia kipima changu. Kelele. Tone lenyewe lilikuwa limekaa pale pale kwenye mdomo, dogo kuliko kichwa cha pini, nami nimezunguka nalo chumba kizima nikikituhumu kila kilicho mbele yangu.

"Na plastiki yake ya kuufunika mdomo?" akauliza.

Plastiki ilichanika Ijumaa. Nilipanga kuweka nyingine Jumatatu.

Hakusema kitu. Aliandika kwa muda mrefu.

Nikaomba suruali yangu. Mama akafungua mfuko, akashusha kipima cha akiba ndani, nacho kikapiga yowe. Nikafurahi, wallahi, nikadhani angalau sikuwa mjinga kabisa. Mzee akaivuta kwa koleo: glavu yenye tone ilikuwa imelala juu ya goti, kidole gumba kimebonyea kitambaa kama muhuri. Suruali iliingia safi, ikaharibikia ndani.

Viatu na soksi vilipona. Funguo za nyumbani zilizokuwa mfukoni zilipimwa, zikaachiwa huru. Suruali ikarudishwa kwenye mfuko, mfuko ukaingia kabatini mwenye kuta za risasi. Utaratibu wetu ni kungoja ipungue nusu mara kumi, yaani saa 60. Kufikia hapo kinachobaki hakifiki hata sehemu moja ya elfu. Tukahesabu kwa vidole: Jumatano, saa 12:30 jioni. Kwenye daftari la taka, safu ya maelezo, Mzee akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Suruali, moja. Haina hatia."

Siku nzima nilishinda na suruali ya chumba cha upasuaji niliyoazimwa, iliyoshonewa mtu mwenye miguu mifupi na tumbo la heshima. Nikarudi nayo nyumbani nimeishika kiunoni. Shemeji alikuwa sebuleni.

"Suruali yako iko wapi?"

Nilikuwa nimechoka, sikuchagua maneno.

"Wameifunga. Inatoka Jumatano jioni."

Akamtazama dada yangu.