Lord na Lady Clapham: nguo za mwanasesere ni ushahidi?

Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert (V&A), London, kuna wanasesere wawili wa mbao, mume na mke, kila mmoja na kiti chake. Wanaitwa Lord na Lady Clapham. Walichongwa kati ya 1690 na 1700, na makumbusho hayo yaliwapata 1974. Swali ni kama mwanahistoria wa mavazi anaweza kuwategemea.

Wanaowategemea wana hoja nzito. Gauni halisi la enzi zile ni adimu, kwani hariri ilikuwa ghali: likichakaa lilifumuliwa, likakatwa upya, la mama likawa la binti. Lady Clapham anazo nguo zote, kuanzia shimizi ya ndani, soksi ndefu, vazi la kubana kiwiliwili, hadi gauni la kutokea. Mumewe ana koti, na pia joho la kupumzikia nyumbani, ambalo Waingereza waliliita banyan. Ndiyo, ni Baniani huyuhuyu wetu, mfanyabiashara wa Kigujarati. Jina lake lilifika London likageuka vazi.

Wanaowatilia shaka husema kitambaa hakipungui unene kwa sababu mvaaji ni mdogo. Hariri ya kumtosha mtu mzima, ukiikata kwa mwili wa karibu nusu mita, husimama kama karatasi. Tena mbao hazipumui, hazinenepi, haziinami. Kwa hiyo, jinsi gauni lilivyolala kiunoni, mimi nisingemuuliza mwanasesere.

Lakini kipi kilivaliwa, na juu ya kipi? Hapo namwamini. Lady Clapham ana barakoa nyeusi ndogo, isiyo na kamba za kufungia kichwani. Ina uzi wenye ushanga, na mvaaji huubana ushanga huo kwa meno. Ungedhani ni utani wa fundi. Mwaka 2010, huko Daventry, Uingereza, ilipatikana barakoa ya mtu mzima imekunjwa ndani ya ukuta wa nyumba ya kale: mahameli nyeusi, uzi, na ushanga wake. Fundi hakuwa anatania.

Dosari ninayoiona kubwa zaidi hata si ya kitambaa. Mpishi na dobi wa nyumba ya matajiri kama hao nao walivaa kitu kila asubuhi, na hakuna aliyewachonga.