Mama anapigwa mbele ya watoto, halafu tunamwambia aanzie baraza la kata

Kila ikitajwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 watu wanakimbilia umri wa kuolewa, na wana haki, manake tangu Mahakama Kuu iseme 2016 kwamba vifungu vya umri huo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia 2019, bado tunazungushana. Lakini kuna kifungu cha 101 ambacho hakigombewi sana na mimi naona kinaumiza watoto wengi kimyakimya. Kinasema huwezi kupeleka maombi ya talaka mahakamani mpaka upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dini, na baraza liandike kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ndo ile fomu namba 3. Tena isiwe imepitisha miezi 6. Bila hiyo unarudishwa, na hata ukipenya bado huko mbele Mahakama ya Rufani imeshafuta mwenendo mzima wa kesi za talaka kwa sababu tu hiyo fomu haikuwepo au ilikuwa na kasoro, yaani miaka imeenda na mnaambiwa anzeni upya.

Wanaolitetea baraza wana hoja, tusiwabeze. Baraza liko karibu, unaenda kwa miguu, huhitaji wakili na kwa kweli wakili haruhusiwi. Wajumbe wanakujua. Ugomvi mwingi wa ndoa ni matumizi, ni wifi, ni simu, vitu ambavyo watu wazima wakiwakalisha chini vinaisha na watoto wanabaki na baba na mama. Kuna pia kilio cha akina baba kwamba watoto wanageuzwa fimbo, mama anaondoka nao halafu baba anakuja kusikia mahakamani kwamba yeye ni mkatili. Hilo lipo, silikatai.

Shida ni kwamba sheria imewaweka kwenye foleni moja aliyenyimwa hela ya mboga na aliyevunjwa mkono.

Nenda ofisi ya kata siku ya baraza uone. Mwenyekiti na wajumbe wake, wawili mpaka watano, meza moja, benchi moja. Mume na mke wanakaa benchi hilohilo, mama anaulizwa "haya mwanangu, tatizo nini" na aliyempiga yuko pembeni yake magoti yanagusana, watoto wako nje kwenye kibaraza wanasubiri. Unategemea aseme nini? Atasema tumekosana kidogo. Wazee watasema ndoa ni kuvumiliana, baba ataomba msamaha, wanapeana mkono, wanarudi nyumba ileile jioni ileile, na hao watoto hakuna aliyewauliza kitu.

Sasa kuna namba moja huwa hainitoki kichwani. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya hizi: kaunguza chakula, kabishana, katoka bila kuaga, hakuangalia watoto, kanyima unyumba. Wanaume waliosema ndiyo walikuwa asilimia 40. Wanawake asilimia 58. Zaidi ya nusu! Kwa hiyo ile dawa ya "tuongeze akina mama kwenye mabaraza" haitoshi peke yake, manake aliyejibu hivyo akiwa na miaka 40 leo ndo mama mwenye heshima zake mtaani, ndo anayeitwa kusuluhisha. Na angalia hiyo sababu ya nne, kutoangalia watoto, yaani kipigo chenyewe kinahalalishwa kwa jina la watoto wanaokishuhudia. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinakataza mwenzi kumchapa mwenzake, ila mtaani nani anakijua?

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalioni. Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kumkataza mtu kumsumbua mwenzake, lakini ni wakati shauri la ndoa linaendelea au baada ya amri ya talaka au kutengana. Na shauri la talaka huwezi kulifungua bila fomu ya baraza. Kwa hiyo kinga inamsubiri mama upande wa pili wa mlango na ufunguo wanao wazee. Kenya wana sheria yao ya kinga dhidi ya ukatili wa majumbani tangu 2015, Uganda tangu 2010, unaomba amri ya ulinzi bila kuomba talaka. Sisi bara hatuna sheria ya namna hiyo. Tuna polisi na dawati la jinsia, sawa, ila kumfunga baba wa watoto wako ni kitu kingine kabisa, wengi wanaogopa ukoo na ada za shule.

Utaambiwa kifungu cha 101 kina upenyo, kwamba kukiwa na mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya baraza lisiwezekane mahakama inaweza kuruka. Ndiyo, lakini hakitaji kipigo popote, inategemea hakimu ameamkaje. Wakati kifungu cha 107 kinataja wazi ukatili kwa mwenzi au kwa watoto kuwa ushahidi wa ndoa kuvunjika! Basi maneno hayohayo yahamishiwe 101, anayedai ukatili aende mahakamani moja kwa moja, na baraza libaki kwa ugomvi wa kawaida ambao linauweza.

Na anayeogopa madai ya uongo nimuulize, kwenye benchi la kata ukweli unapimwa na nini? Ni neno lako na lake. Mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 afisa ustawi wa jamii anaweza kuagizwa afike nyumbani, aongee na mtoto, alete ripoti, hivyo hata baba aliyesingiziwa anasafishwa huko vizuri zaidi. Kile kituo jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, Dar es Salaam, kilichofunguliwa 2021 kimejengwa kwa wazo hilo, huduma zote sehemu moja. Ila mama wa Nanyumbu kule Mtwara hafiki Temeke, na huko wilayani maafisa ustawi ni wachache kuliko kazi waliyopewa, hapo ndo pa kugombania bajeti.