Mashairi ya jukwaani hayana wa kuyajibu

Kila ikifika Novemba 25, zinapoanza zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, Unguja na Pemba hukodishwa mahema, viti huvishwa vitambaa vyeupe, na malenga mmoja huitwa aje "atuburudishe kwa shairi". Atuburudishe! Watu wamekuja kuzungumzia wanawake wanaopigwa, wanataka burudani. Malenga naye hughani beti 12: tatu za kumsalimu mgeni rasmi, moja ya wafadhili, saba za "ukatili tuupinge, jamii tuelimike", na ya mwisho ya kuomba radhi kwa kuchukua muda. Makofi, soda, kila mtu kwao.

Uhesabuni mstari ule. U-ka-ti-li tu-u-pi-nge, nane. Ja-mi-i tu-e-li-mi-ke, nane. Mizani, yaani silabi, 16 kamili, hakuna guni, yaani kasoro ya mizani au vina, na ndani hamna kitu. Ondoa "ukatili" utie "malaria", useme "tuipinge", mstari unasimama vile vile. Mwezi ujao utafaa kwenye hafla nyengine.

Siti binti Saad wa Fumba, mwimbaji wa taarabu aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hakuimba hivyo. Katika wimbo wake wa Kijiti mna jina la muuaji, mna mwanamke mjamzito aliyetoka Dar es Salaam, mna mahakama iliyowatia hatiani wanawake waliokuwa mashahidi na muuaji ameshatoroka. Aliyeusikia alijua nani kadhulumiwa na kadhulumiwa vipi.

Basi tuache lawama, tuingie kazini. Chukua dhulma moja ndogo ambayo mtu anaweza kuishika mkononi. Hapa Pemba mfano hautafutwi mbali: mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo. Pishi ya mfuto, iliyosawazishwa juu, ni nyengine, na iliyorundikwa mpaka karafuu zinamwagika ni nyengine, lakini malipo ni yale yale. Hilo tu linatosha ubeti mzima.

Anza na kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kwa sababu kituo ndicho watakachokiitikia na kuondoka nacho. Kiwe ombi au dai linalosimama peke yake hata mtu akiwa hakusikia mishororo mitatu ya juu. Kisha chagua vina vyenye akiba ya maneno. Ukichagua kina cha "uu" unapata karafuu, juu, miguu, nafuu, na yote ni maneno ya shambani. Wengi hukwama hapa: huanza na "Mchumaji wa karafuu" wakashangaa kwa nini ulimi unajikwaa. Hesabu: m-chu-ma-ji wa ka-ra-fu-u, tisa. Ile M ya mwanzo ina mizani yake, na "uu" ni mbili. Mwenye haraka hukata akasema "karafu". Inkisari, yaani kufupisha neno, inaruhusiwa, lakini hapo ameshaua kina. "Mpanda mkarafuu" ni nane, M zote mbili zikihesabiwa.

*Mpanda mkarafuu, pishi yake hurundikwa*
*Tawi likatika juu, nani atakayeshikwa?*
*Akivunjika miguu, jina halikuandikwa*
*Ifuteni pishi yenu, nami nipate nafuu.*

Si ubeti wa kushindia tunzo, nimeutunga kwa mfano. Lakini tazameni kwamba hamna neno "dhulma" wala "haki" humo. Hamna pia "jamani" na "kwa hakika", vile viraka vya mtunzi aliyeishiwa. Ukivitia vyote viwili katika mshororo mmoja umeshakula mizani 7 kati ya 16, karibu nusu ya nafasi uliyopewa, na hujasema lolote.

Sasa lile linaloniudhi khasa. Kwenye mahema hakuna anayejibu. Shairi linashushwa kama tangazo, kipaza sauti kinarudi kwa mshereheshaji. Na kujibizana ndiko kulikokuwa uti wa mgongo wa ushairi wa kisiwa hiki. Kamange na Sarahani, malenga wa Pemba, walijibizana. Kibati, ngoma ya Pemba, maneno yake hutungwa papo hapo, huyu akisema yule anarejesha. Anayejibu hufuata bahari ile ile, yaani aina ya shairi, na vina vile vile. Hiyo ni sheria ngumu kuliko inavyoonekana: siwezi kukujibu kwa "uu" na "kwa" mpaka niwe nimekusikiliza hadi silabi ya mwisho, nimejua umetumia maneno gani na yapi yamebaki. Hasira yangu inabidi ipite katika maneno yako. Hebu nionesheni warsha inayomlazimisha mtu kumsikiliza mwenziwe namna hiyo.

Aliyekodi mikarafuu, yule anayemlipa mchumaji, akisimama kujibu, atasema nini?

*Bei haipandi juu, nami deni naandikwa*
*Nakodi mkarafuu, kwa rehani nimeshikwa*

Hapo mchumaji aliyedhani anapambana na tajiri anagundua anapambana na mtu mwenye deni. Pishi bado imerundikwa, dhulma haijafutika hata punje moja. Lakini sasa wako wawili wanaojua nani mwengine wa kuulizwa. Na akitokea mwanamke wa tatu, wale wanaokesha wakichambua karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, akauliza yeye jina lake limeandikwa wapi, mazungumzo yameshakuwa makubwa kuliko mgeni rasmi.

Haya, nikubali, ingawa kwa shingo upande: majibizano huharibika. Ubeti wa tatu unaweza kufika kwa mama wa mtu, na tunajua taarabu ya mipasho ilivyokwenda. Dawa yake ni kuweka mkubwa mmoja wa kusimamia, mwenye ruhusa ya kukata ubeti unaomshika mtu maumbile yake badala ya kitendo chake. Na kutaja wazi kuna gharama. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu alitunga "Kimbunga", likasomwa kama shairi la upepo na kama shairi la siasa, na fumbo kama lile lina kazi yake. Fumbo lakini huficha kitu. Beti za hemani hazifichi chochote.

Wanaoandaa hafla, ratiba haihitaji fedha zaidi. Kateni beti za salamu zibaki moja. Malenga aghani beti tatu tu, watu wafundishwe kituo kabla hajaanza, kisha kipaza sauti kiteremke jukwaani kiende kwenye majamvi kwa dakika 20. Mgeni rasmi akitaka kujibu naye ajibu, ila kwa vina.

Yule aliyekodi nimemwacha na mishororo miwili makusudi. Kina cha kati ni "uu", cha mwisho ni "kwa". Mwenye wa tatu na kituo autie hapo chini, na tafadhali ahesabu M zake.