Iceland na Namibia: urafiki wa mbali na mgao wa samaki

Kwenye beach za Dunga na Usenge, kando ya Ziwa Victoria, wafadhili huja na kwenda, kwa hiyo suala la iwapo nchi ndogo ya mbali inafaa kuwa rafiki haliwahusu mabalozi peke yao. Mfano wa kulipimia ni Iceland, yenye watu wasiofika 400,000, na Namibia, yenye takriban milioni 3. Zinakaa pande mbili za Atlantiki, moja kaskazini kabisa na nyingine kusini. Kilichozikutanisha ni samaki.

Namibia ilipopata uhuru Machi 1990, meli za kigeni zilikuwa zimevua pwani yake kwa miaka mingi karibu bila kuulizwa. Serikali mpya ikatangaza maili 200 za bahari kuwa zake, kisha ikajikuta haina manahodha, wakaguzi wala wanasayansi wa kutosha kuzilinda. Iceland, iliyozozana na Uingereza miaka ya 1970 kwa ajili ya maili 200 kama hizo, ilikuwa na watu wa kazi hiyo. Ikasaidia kusimamisha chuo cha ubaharia na uvuvi huko Walvis Bay.

Wanaotetea urafiki wa namna hii wana hoja nzito. Rafiki mdogo haombi kambi ya jeshi, na huleta kile anachokijua barabara. Hapa Nakuru, wahandisi wa Olkaria na Menengai, kunakofuliwa umeme wa mvuke wa ardhini, wamepitia kozi ya mvuke huo ya miezi sita nchini Iceland, iliyoanza mwaka 1979. Sijasikia anayelalamika.

Lakini benki za Iceland zilianguka mwaka 2008, na kufikia 2010 misaada yake Namibia ilikuwa imekoma. Muda si mrefu, kampuni ya Iceland, Samherji, ikaanza kuvua huko samaki wa jamii ya kolekole. Novemba 2019 nyaraka zilizotolewa na WikiLeaks, mtandao wa kufichua siri, zikadai kwamba ilihonga ili ipate mgao, yaani tani za samaki inazoruhusiwa kuvua. Waziri wa uvuvi, Bernhard Esau, na mwenzake wa sheria, Sacky Shanghala, wakajiuzulu na kukamatwa. Wamekana mashtaka, na kampuni imekana kuhonga.

Ufa ulikuwa kwenye utaratibu wenyewe. Kwanza mtu hupewa haki ya kuvua kwa miaka kadhaa. Kisha kila mwaka wanasayansi hushauri jumla ya tani zinazoweza kuvuliwa bila kumaliza samaki, waziri huidhinisha, na tani hizo hugawiwa wenye haki. Wengi wao hawana meli, hivyo hukodisha mgao wao kwa bei ya kila tani. Hapo katikati, kati ya karatasi na wavu, ndipo pesa hupotelea. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yalimwongezea waziri nafasi ya kutenga mgao kwa malengo ya serikali, na pia kulikuwa na mgao uliopitia makubaliano na Angola. Chuo cha Walvis Bay kingefundisha manahodha hodari mpaka kesho. Kalamu ya waziri haikuwa kwenye mtaala.

Watetezi watasema kampuni si serikali, na ni kweli. Ila kwenye nchi ndogo umbali kati ya hizo mbili ni mfupi: waziri wa uvuvi wa Iceland wakati kashfa inalipuka, Kristján Þór Júlíusson, aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya Samherji. Namibia ilipotaka kuwashtaki raia wa Iceland kwenye mahakama zake, ikagonga ukuta, kwa kuwa sheria ya Iceland hairuhusu raia wake kupelekwa huko. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa nyoka alikuwa Windhoek, mji mkuu wa Namibia.

Hata hivyo singeufunga mlango. Kosa la Namibia halikuwa kumkaribisha mgeni, bali kuacha ugawaji wa tani mikononi mwa watu wachache. Ng'ambo ya ziwa letu, Iceland imewahi kufanya kazi na serikali za wilaya za Kalangala na Buikwe nchini Uganda, kwenye vijiji vya wavuvi. Siku Siaya au Homa Bay itakapoletewa mkataba kama huo, mambo mawili yaulizwe kabla ya kuzungumzia barafu na mizani ya samaki: orodha ya wenye leseni na migao itabandikwa wapi, na mgeni akishtakiwa, kesi itasikilizwa Kisumu au Reykjavík?