Dona kwanza, ila mahindi yawe makavu

Makala niliyosoma kuhusu kurutubisha unga wa mahindi inataka wasagaji wote waongeze madini ya chuma, zinki na vitamini kwenye sembe (unga wa mahindi yaliyokobolewa), kama kanuni za Tanzania za 2011 zilivyoagiza. Sipingi. Lakini virutubishi vya mwanzo vilikwenda wapi? Nendeni mashineni mtaani mkaone: mahindi yanakobolewa kwanza, ganda na kiini vinatoka kama pumba, pumba zinachukuliwa na wafuga kuku na nguruwe. Mtoto anabakiziwa karibu wanga mtupu. Na nyingi ya mashine hizo ndogo hazina kifaa cha kuchanganyia virutubishi.

Dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ingetusaidia sana jamani, ila ina sharti lake, na hapo makala imekaa kimya. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokaushwa vizuri, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, tusisahau. Kwa hiyo fedha za kuboresha unga zianzie kwa mkulima: maturubai ya kuanikia, vipima unyevu (mahindi yasizidi asilimia 13.5), mifuko isiyopitisha hewa. Halafu shule zinazopika dona zisage ya wiki moja tu, maana mafuta ya kiini huiharibu upesi na watoto wakionja uchungu hawaigusi tena.