Pima ateri kabla ya kuchoma

Juzi, hapa Moshi, mwenzetu mmoja tunayemheshimu alisema kwenye kikao cha asubuhi kwamba kutafuta kwa altrasaundi ateri ya mkono wa mtoto, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, ili kuichoma na kuingiza mrija wa kusoma presha, ni kazi ya wasioamini vidole vyao. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilikasirika, na bado sijatulia.

Vidole vinakuambia mapigo yapo. Havikuambii ateri ina upana gani, wala kama imejipinda. Kwa mtoto mchanga upana wenyewe ni kama milimita 1 tu. Presha ikishuka hata mapigo yanapotea, na mtoto huyo ndiye hasa anayehitaji presha yake isomwe kila moyo unapodunda. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, yalishaonyesha kwamba kwa watoto, altrasaundi inaongeza nafasi ya kufanikiwa jaribio la kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni mazoea ya kukimbilia upande wa dole gumba. Tumefundishwa rediali, ateri ya upande huo, tunachoma rediali. Ikikataa tunahamia mkono wa pili, rediali tena. Alna, ateri ya upande wa kidole kidogo, haijatazamwa hata mara moja! Watoto hawalingani: kwa huyu rediali ndiyo pana, kwa yule alna inaipita. Paka jeli ya kutosha, usikandamize maana ateri ya mtoto inabonyea upesi, tazama zote mbili, mikono yote miwili. Chagua iliyo pana, isiyozama sana. Ukichoma kwa kubahatisha ukakosa, ateri inajikaza, damu inavia, na jaribio la pili linakuwa gumu kuliko la kwanza.

Ndiyo, alna ina neva jirani. Na kama rediali ya mkono huo imeshatobolewa-tobolewa, alna yake iache, kwa sababu kiganja kinalishwa na hizo mbili. Lakini hiyo ni sababu nyingine ya kutazama kwanza.

Mashine ni chache, sawa. Ya wodi ya wazazi haiazimiki kirahisi. Basi tuombe ya kwetu kwenye bajeti, kama tunavyoomba dawa za usingizi.

Mama aliyetoka Same na mwanawe mgongoni ametuamini. Ninachodai ni hiki: mashine iwe kando ya kitanda kabla mtoto hajalazwa usingizi, na anayechoma aandike kwenye faili upana wa ateri zote nne, na kwa nini amechagua aliyochagua.